Kona ya Kumi na Moja

Uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja, na ulimtoka kabla hajafikiri. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka lake la vifaa vya ujenzi, penseli sikioni, akamuuliza, "Lakini shemeji, pale mahali unapakumbuka?" Naye, huku akijifanya anakagua misumari ambayo hakuwa na haja nayo, akajibu, "Napakumbuka."

Ikawa imekwisha. Shemeji akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda kumpimia mteja waya. Chama cha waendesha baiskeli, watu tisa wanaokutana kila Jumapili nyuma ya duka hilohilo, walikuwa wamekubaliana kusimika nguzo ya chuma mlimani, mahali pale pale alipofia kiongozi wao, mwaka unapotimia. Kibao kilishaandikwa jina na tarehe. Simenti wangeipandisha wenyewe kwa baiskeli, kila mmoja na mfuko wake mdogo mgongoni, maana gari halifiki. Siku ni Jumamosi. Kilichobaki ni mtu wa kuwaambia chimbeni hapa, na chamani hakuna mwingine aliyekuwepo siku ile isipokuwa mjane.

Mjane hakuwa na habari ni wapi.

Usimcheke mapema. Huyu ni fundi mapazia, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, anayeweza kukuambia upana wa dirisha lako kwa kulitazama tu kutoka barabarani. Si mtu wa kusahausahau. Tatizo lake lilianzia mbali, wiki ya kwanza ya ndoa, siku mumewe alipompandisha baiskeli ya milimani kwa mara ya kwanza naye akaanguka kwenye mawe akavunjika mfupa wa bega. Alipopona, mumewe alimpa sheria moja. "Ukiwa nyuma yangu, tazama gurudumu langu la nyuma. Likipita salama, na wewe utapita. Mambo mengine niachie mimi."

Akamwachia. Kwa miaka ishirini na saba akamwachia. Mumewe alikuwa fundi mizani, mtu wa kuzunguka madukani kurekebisha mizani za watu, na chamani walimwita Dira kwa sababu hakupata kupotea hata siku moja. Mkewe wakamwita Mkia. Halikuwa tusi, na yeye mwenyewe alilicheka jina hilo na kulibeba. Kila mwaka walifunga kazi zao wiki mbili, wakafunga mizigo kwenye baiskeli, wakaenda huko ambako hata wachora ramani hawakujisumbua kuandika kitu. Walivuka jangwa la chumvi. Walivuka nyanda za mawe meusi ambako walikaa siku tano bila kuona mtu. Watoto hawakupata, basi safari ndizo zikawa jambo la nyumba ile, na sebule ikajaa picha.

Ila mgeni akimuuliza, "Hapa ni wapi?" Mkia aliitazama picha, akatafuta, akasema, "Hapa alikuwa na zile tairi za meno mapana." Watu walidhani anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Alizijua tairi zote ambazo mumewe alipata kuzifunga kwenye baiskeli ile, na alijua udongo uliorushwa na kila moja usoni pake. Milima yenyewe hakuijua.

Na siku ile ya kifo? Anakumbuka gurudumu la nyuma likiyumba, likalala. Anakumbuka mguu wa mumewe ukiwa bado umenasa kwenye pedeli. Baada ya hapo anakumbuka uso, na uso ule hakuuacha hata kwa dakika moja kutazama mlima ukoje. Kisha ukungu ukashuka. Wachonga mawe watatu waliokuwa wakivuka kwenda kutafuta kazi upande wa pili walimkuta, wakambeba marehemu kwenye turubai mpaka chini, naye akawafuata akitazama visigino vyao. Wale walikuwa wapita njia. Hata majina yao hakuyauliza.

Hiki ndicho kilichomnyima usingizi. Si nguzo. Nguzo hata ingesimikwa mita mia pembeni marehemu asingelalamika. Kilichomtafuna ni kwamba mke aliyekuwepo mumewe akikata roho, halafu hajui ni wapi, watu watasema hakuwepo. Na mbaya zaidi, yeye mwenyewe alishaanza kuhisi hivyo. Alihisi kwamba mume wake alikufa peke yake, na mkewe yuko hatua chache nyuma, kichwa chini.

Kwa hiyo Ijumaa alfajiri alifunga karakana yake ya mapazia, akaning'iniza kibao cha "Nimetoka", akatia baiskeli kwenye lori la mchanga lililokuwa likielekea huko, na kufikia saa tatu alikuwa ameteremshwa mwisho wa barabara ya magari. Mpango ulikuwa mwepesi. Apande, apaone, apakariri, alale kwenye kibanda cha mawe kilichoachwa na wapima ardhi, na chama kikija kesho kimkute amesimama hapo kama mtu ambaye hajawahi kuwa na shaka maishani mwake.

Dereva wa lori alimsaidia kushusha baiskeli. "Unaenda peke yako, mama?"

"Peke yangu."

"Huko juu hakuna kitu."

"Ndiyo maana naenda."

Hatua mia za kwanza alianguka mara mbili. Si kwamba alikuwa hajui kuendesha, ni kwamba hakujua macho ayaweke wapi. Mbele yake palikuwa na njia tupu, na njia tupu ni kubwa mno kwa mtu aliyezoea kutazama kitu chenye upana wa kiganja. Alijikuta anatazama gurudumu lake mwenyewe la mbele, ambalo ni jambo la kijinga, kwa sababu ukishaona jiwe hapo umeshalikanyaga. Akashuka, akajipangusa vumbi magotini, akamtukana mumewe kwa sauti ya chini, akapanda tena.

Upepo ulikuwa mwembamba na hauna maneno. Majani makavu, mawe, majani tena. Kuna upweke wa nyumbani, ambao mtu huupunguza kwa kuwasha redio na kubadilisha bakuli mahali pake, na kuna upweke wa mahali ambapo hata ukianguka ukavunjika, hakuna atakayejua mpaka kesho. Mwaka mzima Mkia alikuwa ameishi na ule wa kwanza na kudhani ameshakuwa mzoefu. Huu wa pili hakuujua. Alisimama mara mbili akageuka nyuma, bila sababu, na nyuma hapakuwa na mtu kama vile mbele.

Baada ya kona ya nne aliinua kichwa kupata pumzi, akaona ziwa.

Lilikuwa upande wa kushoto, chini kabisa bondeni, la kijani, na ndege weupe pembeni. Njia hii alikuwa ameipita mara nne na mumewe. Hakuwahi kujua kwamba kuna ziwa. Alisimama akiwa ameshika usukani, hasira ikampanda, akasema peke yake, "Hukuniambia kuna ziwa." Na papo hapo akakumbuka kwamba aliambiwa. Kila mara Dira alisema kutoka mbele, "Tazama ziwa lile," na kila mara yeye alijibu, "Nimeona," bila kuinua macho. Aliona haya, mlimani peke yake, haya ya kweli ya kuinamisha uso.

Njia ile hupanda kwa kona, na kona ni kumi na nne, zote ndugu wa tumbo moja. Kila moja ina mwamba upande mmoja na mteremko upande wa pili, na changarawe katikati. Alizipanda zote mpaka juu, akazishuka zote, akazipanda tena akiisukuma baiskeli na kusimama kwenye kila moja. Alijaribu kuinamisha kichwa kama siku ile, aone kama udongo utamwambia kitu. Udongo wa kona ya sita ulikuwa mwekundu. Wa tisa pia mwekundu. Wa kumi na tatu ulikuwa na vijiwe vyeupe, na alikuwa karibu aape kwamba aliviona vijiwe vyeupe, ila hakukumbuka kama ni siku ile au safari nyingine yenye tairi nyingine.

Ilipofika saa saba mchana alikata tamaa, na mtu aliyekata tamaa huwa mwepesi wa kujipa ruhusa. Alichagua kona ya sita. Ilikuwa kona nzuri, si haba. Ina uwanja kidogo wa watu kusimama, udongo wake unachimbika, na ziwa linaonekana lote. Nani angejua? Marehemu hatazungumza. Alirundika mawe matatu yawe alama, akakaa kando yake, akatoa mkate na mayai ya kuchemsha, akaanza kula bila hamu.

Mbuzi ndio waliotangulia kufika. Nyuma yao akaja mwanamke wa miaka thelathini hivi, fimbo mkononi, redio ndogo imening'inia shingoni kwa kamba, inaimba kwa mikwaruzo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Baiskeli imekuharibikia?"

"Hapana. Napumzika tu."

Mchunga mbuzi aliyatazama yale mawe matatu. Anayekaa na mbuzi kutwa hujua jiwe lililohamishwa. "Unaweka alama?"

Mkia alimeza kipande cha yai. Ilikuwa ni mara yake ya kwanza kuusema uongo huo ukiwa mzima, akaona bora auzoee. "Mume wangu alifia hapa. Mwaka jana."

Mwanamke yule alizima redio. Alikaa chini bila kualikwa, akaweka fimbo mapajani. "Nyinyi ndio wale wawili wa baiskeli? Siku ya ukungu?"

"Ndiyo sisi."

"Pole sana mama. Lakini si hapa."

Mkia aliacha kutafuna.

"Mimi nilikuwa ng'ambo ile na dada yangu, tunachunga." Alinyoosha fimbo kuelekea mteremko wa pili wa bonde. "Kutoka kule hii njia yote unaiona, kama nguo imeanikwa. Hapa alishuka tu, akakungoja. Ukafika, akapanda. Kule kwenye kona ya nane akashuka tena, akakungoja. Mimi nikamwambia dada, mtazame mzee yule anavyompenda mkewe, hamwachi. Wa kwetu wangekuwa wameshafika nyumbani wanauliza chakula."

Mkia alitabasamu kidogo, kwa sababu ilikuwa kweli kwamba siku ile alimngoja, na aliikumbuka vizuri sehemu hiyo. Goti lake lilikuwa linauma, alikuwa amebaki nyuma, anafuata alama ya tairi kwenye vumbi, na kila akikunja kona anamkuta amesimama. Miaka yote Dira hakuwa mtu wa kungoja. Alikuwa akienda mwendo wa mkewe, basi, hahitaji kungoja. Siku ile akawa mtu wa kukimbilia mbele na kusimama, kukimbilia mbele na kusimama. Ilimkera. Aliona anafanywa mgonjwa.

"Alikuwa anafanya nini," aliuliza, "akinisubiri?"

Mchunga mbuzi akasita. Mbuzi mmoja alikuwa ameanza kuonja mkanda wa begi, akamsukuma kwa mguu.

"Sema tu, mwanangu."

"Alikuwa anainama. Anaegemea mwamba, mkono hapa." Aliweka kiganja chake chini ya titi la kushoto. "Sisi tulidhani kichomi cha mbio. Lakini ukitokeza wewe tu, anasimama wima. Anashika breki, anazichezeachezea, kama mtu anayerekebisha kitu."

Mkia alisema, "Breki zake zilikuwa nzima."

"Kona ya kumi na moja ndiyo alikaa sana. Ukafika, ukamwambia neno. Sikulisikia, upepo. Niliona mkono wako tu, hivi." Akapunga mkono kuelekea mbele, kama mtu anayefukuza kuku mlangoni. "Akakutazama. Akapanda baiskeli, akaenda. Hakufika mbali, mama. Ni kama kutoka hapa mpaka kwa yule mbuzi mweusi."

Mbuzi mweusi alikuwa umbali wa hatua arobaini.

Neno lile Mkia alilijua. Hakuwa amelisahau, alikuwa ameliweka pamoja na maneno mengine ya kila siku, yale ya funga mlango na chumvi imezidi, kwa sababu lilikuwa la aina hiyo. Alisema, "Usinisubiri bwana, mimi si mgonjwa. Nenda zako." Alilisema akiwa anatazama chini, kwenye gurudumu. Kama angeinua uso angeona rangi ya uso wa mumewe. Angeona jasho. Mke wa miaka ishirini na saba angejua kwa kutazama mara moja, kama anavyojua dirisha.

Alilia hapo, mbele ya mbuzi na mtu asiyemjua, na mchunga mbuzi hakumwambia nyamaza. Alimwacha alie, akamrudishia kofia iliyopeperushwa na upepo, kisha akampeleka mwenyewe mpaka kona ya kumi na moja, akahesabu hatua kwenda juu, akachoma fimbo ardhini. "Hapa. Lile jiwe lenye ufa ndilo uliloliegemea wewe, kichwa chake mapajani mwako, kabla ukungu haujatuziba macho." Jiwe lenye ufa lilikuwepo. Mkia alilishika, likawa jiwe tu, halikumkumbusha kitu. Hilo nalo lilimuuma.

Jua lilipoanza kuegemea, mchunga mbuzi aliaga akawakusanya wanyama wake. Redio ilisikika ikiimba mteremkoni kwa muda mrefu, kisha haikusikika. Kibandani Mkia alilala na nguo zake zote, na kila alipofumba macho aliuona ule mkono wake ukipunga.

Jumamosi walifika saa nne asubuhi, wanane kwa mstari, wanahema, mifuko ya simenti imewatia weupe mabegani. Shemeji alikuwa wa mwisho, maana ana kitambi, na nguzo alifungiwa yeye kwenye baiskeli. Walimkuta mjane amesimama karibu na jiwe lenye ufa.

"Hapa," akasema.

Hawakuuliza mara mbili. Wakavua kofia, wakaanza kazi. Mmoja wao, mwalimu wa hesabu, alimshika bega na kusema, "Mkia, una kumbukumbu wewe. Mimi kona hizi zingenichanganya," na ilikuwa rahisi mno kumwitikia. Angenyamaza tu na jambo lingekuwa limekwisha, amekuwepo, amepajua, amekumbuka. Hicho ndicho alichokuja kukitafuta jana, na sasa alikuwa nacho mkononi.

Shimo lilikuwa limefika magotini shemeji alipotoka kupumzika. Akaketi karibu naye, sepetu kati ya miguu, akawa anafuta jasho kwa muda mrefu kuliko jasho lenyewe lilivyokuwa.

"Shemeji," akasema, "mwaka mzima sijathubutu kukuuliza. Kaka alisema nini? Mwishoni."

Wengine walisikia. Chepeo zikawa nzito ghafla.

"Mahali hapa sikupajua," Mkia alisema. "Dukani nilikudanganya. Nimeonyeshwa jana na mchunga mbuzi."

"Lakini ulikuwepo."

"Nilikuwa nyuma."

Hakuna aliyechimba.

"Na kaka yako hakusema kitu. Mimi ndiye niliyesema. Moyo ulikuwa unamsumbua toka kona ya sita, anajificha, anajifanya ananingoja. Mimi nikaona ananidharau. Nikamwambia asinisubiri, aende zake."

Mwalimu wa hesabu aligeuka akatazama ziwa. Shemeji aliweka mkono juu ya sepetu, akauondoa, akasema taratibu, "Ni maneno tu, shemeji. Kila mtu anayasema. Kaka hakuwa mtu wa kusikiliza mtu, unamjua."

"Namjua," alisema Mkia. "Miaka ishirini na saba nimemwambia mambo mangapi. Vua viatu mlangoni. Punguza chumvi. Nenda kapimwe moyo, kwenu mnao ugonjwa huo. Hakuna hata moja alilonisikiliza. Alinisikiliza hilo."